Geti dakika nzima: filamu ni sanaa au burudani?

#1 Kishoti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Hesabu kwanza, ubishi baadaye. Chukua muvi ya Kibongo ya enzi za DVD, tafuta sini ya tajiri anarudi nyumbani, kisha shika saa. Honi, sekunde 3. Mlinzi anainuka kwenye kiti, 6. Anakwenda getini, anachungulia, anafungua bawa la kwanza, halafu la pili, 15. Gari linaingia, 8. Linazimwa, mlango unafunguka, kiatu kinachong'aa kinashuka, 7. Anatembea hadi barazani, 12. Anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, 4. Mke anatoka jikoni, "karibu mume wangu", anapokea begi, 10.

Jumla sekunde 65, na mtazamaji hajaambiwa lolote ambalo hakulijua honi ilipolia. Sini hiyo ikirudi mara 8 ndani ya filamu moja, dakika 8 na sekunde 40 zimeondoka na geti.

Ukimuuliza aliyeitengeneza, anakujibu: "Mkuu, sisi tunafanya burudani, mambo ya sanaa waachieni wenyewe." Haya, nenda upande wa pili, kwa filamu ya kupeleka kwenye matamasha. Kijana amekaa ufukweni anaangalia bahari dakika 3, shoti haibadiliki, upepo unapiga maiki. Ukiuliza tunaangalia nini, unaambiwa: "Hii ni sanaa, haimfai kila mtu." Wawili hawa wamejificha kwenye kichaka kimoja, kila mmoja na tawi lake.

Hoja yangu ni kwamba swali la "sanaa au burudani" halijawahi kupima filamu hata moja. Kazi yake ni kumpa fundi mahali pa kujifichia. Mimi napima hivi: shoti imeingia kufanya nini, na ikishamaliza, mbona bado ipo?

Kwa wanaodhani ubishi huu ni wetu peke yetu: tuzo za kwanza za Oscar, tarehe 16 Mei 1929, zilikuwa na tuzo mbili za juu. Moja ilikuwa ya filamu iliyotia fora kwa utayarishaji, ikachukuliwa na Wings, filamu ya marubani wa vita. Nyingine ilikuwa ya filamu ya kipekee na ya kisanaa, ikaenda kwa Sunrise ya Mjerumani Murnau. Mwaka uliofuata ile ya pili ikafutwa, ikabaki moja. Miaka karibu 90 baadaye, Agosti 2018, wakatangaza tuzo mpya ya filamu zinazopendwa na wengi. Kelele zikawa nyingi, na Septemba ileile wakaiweka kando. Wenye hela zote na wataalamu wote wamejaribu kuchora huo mstari mara mbili na haukukaa. Sisi tunauchorea wapi?

Tiririkeni.

#2 Mla Karanga

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo moja. Anayelipa ni nani? Kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea muvi, hakina viti vya kuegemea, kuna joto, feni moja, na benchi la mbao. Mtu anakaa pale kwa sababu anataka kujua kama steringi atamfikia adui. Akichoka anatoka, na mwenye kibanda anajua kabla yako wewe mkosoaji kwamba muvi ni mbovu. Burudani ndiyo kipimo. Sanaa ni jina tunaloipa burudani ikishazeeka.

#3 Fundi Sauti

Mnapigana juu ya nyumba ambayo haina msingi. Asilimia kubwa ya filamu zetu haziwezi kuhukumiwa kama sanaa wala kama burudani kwa sababu maneno hayasikiki. Tuanzie hapo.

Makosa ninayoyasikia kila wiki ni yaleyale:

Kwanza, maiki ya juu ya kamera. Kamera iko mita 3 kutoka kwa muigizaji, na chumba kina vigae na kuta tupu, kwa hiyo maiki inachukua mwangwi kuliko sauti ya mtu. Maiki ya mti, ile inayoshikwa juu kwa fimbo ndefu, inatakiwa iwe sentimita 40 hadi 60 kutoka kichwani, juu kidogo ya mpaka wa picha, imeelekezwa kifuani na si mdomoni. Huna maiki ya mti? Simu ya pili, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, ifiche mezani nyuma ya chupa ya maji au kwenye mfuko wa shati, halafu piga makofi mara moja mbele ya kamera ili mhariri apate pa kuoanishia. Ni bora mara kumi.

Pili, kamera kuachwa ijirekebishie sauti yenyewe. Muigizaji akinyamaza, kamera inajipandisha, na sauti ya friji inakuja juu kama mawimbi. Akiongea tena, neno la kwanza linapasuka. Weka kwa mkono, kwenye kipimo cha sauti kilele cha maongezi kicheze kwenye desibeli -12, kelele ya mtu isizidi -6.

Friji lizimwe. Ukilizima, weka funguo za gari ndani yake, hutaondoka lokesheni ukaacha nyama ya watu inaoza. Feni izimwe kila mnaporekodi, iwashwe mnapopumzika.

Tatu, na hili ndilo linaloua sini za kulia: hakuna aliyerekodi ukimya wa chumba. Kabla ya kuondoka kila lokesheni, watu wote wasimame kimya sekunde 30, rekodi. Huo ukimya ndio mhariri anautandika chini ya maneno, asipate mashimo kila anapokata. Usipokuwepo, mhariri anaziba mashimo kwa muziki. Ndiyo maana filamu zetu zina kinanda cha huzuni kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini. Mnadhani ni mtindo, kumbe ni kiraka.

#4 Mla Karanga

Hahaa kiraka. Sasa nimeelewa kinanda.

#5 Bi Mkosoaji

Nimekuja kumbana mleta uzi, maana kipimo chake kina tundu.

Desemba 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilitangaza kura yake ya kila miaka kumi. Wakosoaji waliiweka namba moja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, Mbelgiji, ya mwaka 1975. Ina dakika 201. Mjane anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda, anamenya viazi, na kamera haimkatii. Siku tatu za maisha yake. Anapokea na wanaume nyumbani kwa malipo, lakini hilo filamu inalipitia haraka kuliko viazi.

Kwa saa yako Kishoti, yule mama angekuwa amefungua geti mara mia mbili. Kwa nini viazi vyake ni kilele cha sanaa na geti letu ni uvivu? Nijibu bila kuniambia "wazungu".

#6 Kishoti

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha uzi.

Siku ya kwanza kwenye ile filamu unafundishwa. Taa inazimwa kila anapotoka chumbani. Kifuniko cha bakuli la pesa kinarudishwa. Viazi vinaiva kwa wakati. Kamera imewekwa chini kidogo, imesimama, inamtazama moja kwa moja, haimsogelei hata mara moja. Kwa muda wa saa moja unakariri utaratibu wa nyumba ile kama umeishi humo. Siku ya pili viazi vinaungua. Mtu anayeingia ukumbini dakika ileile haoni kitu, anaona mama na sufuria. Wewe uliyekaa saa nzima unashtuka kama umesikia risasi. Ule urefu ulikuwa unajenga jicho lako, bila urefu huo, kiazi kilichoungua hakina uzito wowote.

Geti letu linafunguka mara ya nane kama lilivyofunguka mara ya kwanza. Mlinzi hajachelewa, hajavaa tofauti, hajakataa kufungua. Sasa chukua geti hilohilo. Mara ya kwanza mlinzi anakimbia kufungua. Mara ya pili anatembea. Mara ya tatu honi inalia mara mbili ndipo anainuka. Mara ya nne tajiri anashuka kufungua mwenyewe. Humwambii mtazamaji kwamba tajiri amefilisika na hajalipa mshahara miezi mitatu, ameliona getini. Sekunde 65 zilezile, mlinzi yuleyule, gharama haijaongezeka hata shilingi.

Hiyo ni sanaa au burudani? Mtu wa kibandani atacheka mara ya tatu. Bi Mkosoaji ataandika makala.

#7 Bi Mkosoaji

Nakubali nusu. Nusu ninayoikataa: unachukulia kwamba kila kitu lazima kilipe baadaye. Kuna shoti ambazo kazi yake ni kukuacha uone tu, bila kudai kitu. Ila geti, hapana, geti sitalitetea.

#8 Mpiga Debe wa Vibanda

Naona mnasahau kiungo kimoja, watafsiri. Kwa sehemu kubwa ya watazamaji wa uswahilini filamu haifiki ikiwa peke yake, inafika na mtu anayeongea juu yake. Tanzania kulikuwa na Lufufu, Kenya DJ Afro, Uganda wanaitwa VJ, kina VJ Jingo. Wengine mnaita hiyo vurugu. Mimi naiita uchunguzi wa bure wa filamu, na nitawaonyesha kwa nini.

Mtafsiri ana vitu viwili mkononi: maiki na kitufe cha sauti ya filamu. Akiongea anashusha filamu, akinyamaza anairudisha. Mfuatilie pale anaponyamaza. Ngumi zikianza, ananyamaza au anaguta tu. Wimbo wa Kihindi ukianza, ananyamaza kabisa. Mama akilia kwenye maiti ya mwanawe, ananyamaza. Anaongea wapi sana? Kwenye watu wanatembea, magari yanapita, watu wawili wanapiga simu ofisini. Yaani kwenye mageti! Anayajaza kwa vichekesho, anawapa watu majina ya mtaani, anamwambia adui "leo utajua mbivu na mbichi".

Chora mstari wa pale alipoongea na pale aliponyamaza, una ramani ya sehemu gani za filamu zinajitegemea na zipi hazina kitu.

Ila ramani ina dosari moja, niseme ukweli. Filamu iliyojengwa kwa ukimya, kama hiyo ya viazi, mikononi mwa mtafsiri inakufa. Ukimya kwake ni kiti kitupu, lazima akikalie. Kwa hiyo kibanda kinapima vizuri vitendo na vilio, lakini si subira.

#9 Mla Karanga

Mtafsiri naye ni msanii basi, na hakuna tamasha linalompa tuzo.

#10 Tao la Nairobi

Wadau wa huku tunafuata uzi kimya kimya, lakini mnaongea kama jambo hili ni la ladha tu. Kuna wakati linakuwa la sheria, na hapo neno "burudani" lina bei.

Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio. Kampuni ilipinga bodi ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Mahakama ikasema kuonyesha filamu ni biashara tupu, inayofanywa kwa faida kama maonyesho mengine, hivyo haina kinga wanayopata magazeti na vitabu. Uamuzi huo ulikaa miaka 37. Ulibadilishwa mwaka 1952 kwenye kesi ya msambazaji Burstyn, kuhusu filamu fupi ya Mwitaliano Rossellini iliyozuiwa New York kwa madai ya kukufuru. Hapo ndipo mahakama ikakubali kwamba filamu ni njia ya kueleza mawazo, na kwamba kuuzwa kwake hakuiondolei hilo.

Hapa kwetu Kenya mnaikumbuka Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018 kuhusu wasichana wawili wanaopendana. Bodi ya filamu iliipiga marufuku. Ili iweze kupendekezwa Oscar ilihitaji kuonyeshwa siku 7 mfululizo nyumbani, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku hizo 7 tu. Watu walijaza kumbi. Sisemi mtu aipende au asiipende. Nasema kesi haikwenda mahakamani kwa hoja ya "wacheni watu wajiburudishe". Ilikwenda kwa hoja ya haki ya msanii kueleza. Anayesema kila siku "sisi ni burudani tu, sanaa sio zetu" ajue siku atakayozuiliwa amejikatia tawi alilokalia.

Tanzania mna mgawanyo wenu pia: filamu ziko chini ya Bodi ya Filamu kwa sheria ya 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza, sanaa nyingine ziko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Karatasi tu, lakini mtu akiuliza filamu ni nini kwa serikali, karatasi ndiyo inajibu.

#11 Mla Karanga

Tao hapo umenigusa. Ila turudi kwenye pesa, maana mleta uzi anaongea geti kama dhambi ya akili. Lilikuwa hesabu.

Muvi ziliuzwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, kila diski na kava lake, mnunuzi analipa mara mbili. Ili uwe na diski mbili unahitaji takriban dakika 120. Skripti mkononi ina kurasa 50, na kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Dakika 70 utazitoa wapi? Kwenye geti. Kwenye kutembea. Kwenye shoti za maghorofa ya Posta na daraja. Kwenye simu inayoita mara nne kabla haijapokelewa. Mwongozaji anayekata geti anajikata nusu ya mauzo. Mnamlaumu mtu kwa kufuata njia ya ugali wake.

Na msijidanganye kwamba iliisha na DVD. YouTube inaruhusu matangazo katikati ya video kuanzia dakika 8. Angalieni tamthilia za mtandaoni, zinaishia dakika ngapi? Geti limehamia huko.

#12 Kishoti

Hoja nzito, naichukua. Lakini angalia imesema nini: urefu haukutoka kwa mtazamaji wa kibandani uliyemtetea kule #2. Umetoka kwa muuza diski. Kwa hiyo hata "burudani" haikuwa imetawala, kilichotawala ni kava.

Halafu kuna njia ya kujaza dakika 70 bila kujaza upepo. Hadithi ya pili. Mlinzi huyohuyo ana mchumba, mchumba ni mfanyakazi wa ndani, mfanyakazi wa ndani amesikia siri. Kurasa 30 hizo. Zinahitaji siku 3 za mwandishi, hazihitaji gari wala jumba jingine. Kinachokosekana ni malipo ya mwandishi, kwa sababu kwenye bajeti nyingi anakuja baada ya pilau.

#13 Ngumi Jiwe

Mimi ni wa mapigano, na nimechoka na watu wanaosema muvi ya ngumi ni burudani nyepesi. Hebu jaribu kutengeneza ngumi moja.

Ngumi haigusi. Inapita sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso. Ukiweka kamera ubavuni, pengo linaonekana na ukumbi unacheka. Kamera inakaa nyuma ya bega la anayepiga au nyuma ya anayepigwa, ili ngumi ivuke mstari wa uso na pengo lifichwe. Anayepigwa ndiye anayeuza ngumi: kichwa kinageuka kufuata mkono, si kabla yake. Akiwahi kwa nukta moja ya sekunde, amekwisha.

Lensi ndefu, ya kuvuta kutoka mbali, inabana pengo, lensi pana inalifungua. Ndiyo maana ngumi za simu ya karibu zinaonekana kama watu wanafukuza nzi.

Kwenye uhariri kata katikati ya mwendo. Shoti A mkono unaondoka, shoti B mkono unafika. Mafundi wa Hong Kong walikuwa wanarudia fremu (picha moja moja za filamu) mbili tatu za mwendo kwenye ule mkato, jicho halioni marudio ila linahisi uzito. Na walirekodi kwa fremu 22 kwa sekunde badala ya 24, ikionyeshwa inaongezeka kasi kidogo tu. Ukishuka hadi 18 inakuwa vichekesho. Halafu sauti: kishindo kiwe fremu moja au mbili baada ya mguso. Kikitangulia, akili inajua imedanganywa.

Watu wa Wakaliga, Kampala, kundi la Isaac Nabwana, wanatengeneza filamu za vita kwa bunduki za vyuma chakavu na damu ya rangi ya chakula iliyofungwa kwenye kondomu ili ipasuke. Kuna VJ anapiga kelele juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Burudani tupu, mtasema. Mwaka 2022 walialikwa kwenye documenta, Kassel, Ujerumani, moja ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa duniani. Hawakubadilisha kitu, waliingia na bunduki zao za mabati.

#14 Mja wa Ngome Kongwe

Assalaam alaykum. Nikuulizeni, jamani, mtu wa kamera hayumo humu? Mnasema sauti, mnasema ngumi. Hapa Unguja tamasha la filamu za nchi za jahazi limekuwepo tangu 1998, na kwenye uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe taabu inayoonekana haraka ni nyuso. Mtu mweusi, sini ya usiku, unaona meno tu. Na mwonyesha filamu pale kwenye pazia usimsingizie: ukianza kuonyesha magharibi kabla kiza hakijaingia, weusi wote wa picha unageuka kijivu, basi sini ya kiza inapotea yote.

#15 Jicho la Lensi

Nimo sheikh, nilikuwa nasubiri waishe ngumi.

Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe inataka picha nzima iwe kijivu cha katikati. Muigizaji mweusi mbele ya ukuta wa krimu: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, ukuta unakuwa kijivu na uso unakuwa kivuli. Si kosa la ngozi. Mtoe mtu mita 2 mbele ya ukuta, pima mwanga usoni, funga kipimo hapo, ukuta uungue ukitaka. Kisha karatasi nyeupe ya boksi au shuka upande wa pili wa dirisha, kiasi cha mita moja na nusu, irudishe mwanga shavuni. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, haihitaji taa kali ya mbele, inahitaji kitu kikubwa cheupe cha kuakisi. Na poda nyepesi ya unga kwenye paji inaua huo mng'ao, mwambieni mpambaji asiipake.

Mistari inayocheza kwenye picha za ndani: umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa fremu 30 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ikiwa 1/60 haiendani na taa hizo. Weka fremu 25, shata 1/50, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Dakika moja ya kubonyeza, na watu wanapeleka filamu nzima ina mistari.

Nje, kati ya saa 5 na saa 9 mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Piga sini za ndani saa hizo, za nje asubuhi au kuanzia saa 10.

Kuhusu uzi wenyewe: uso usioonekana hauburudishi wala haufikirishi. Nimemaliza.

#16 Kijana wa Skripti

Wakuu naomba kuuliza. Nina filamu fupi ya dakika 22 imeshahaririwa, kila mtu ananiambia "ni nzuri ila ndefu". Naanzia wapi kukata?

#17 Kishoti

Chukua daftari, chora safu tatu. Safu ya kwanza namba ya shoti. Ya pili, mtazamaji amejua nini kipya. Ya tatu, anasubiri nini. Shoti ambayo safu zote mbili ziko tupu, itoe. Usiifupishe kwanza, itoe kabisa, tazama, ndipo uamue kurudisha.

Kisha kila sini: funika sekunde 10 za mwanzo, tazama. Funika 10 za mwisho, tazama. Sini nyingi zinaanza na salamu na kuisha na "haya baadaye". Ingia mtu akiwa ameshakaa, toka kabla hajaaga. Kwenye dakika 22 usishangae ukitoa 5.

Halafu izime picha, isikilize tu. Halafu zima sauti, itazame tu. Ukielewa yote bila picha, ulichotengeneza ni mchezo wa redio.

#18 Bi Mkosoaji

Na baada ya hapo irudishe shoti moja ambayo daftari limeikataa na moyo unaitaka. Moja tu. Kishoti atanuna.

#19 Kishoti

Nimenuna. Lakini sawa, moja.

#20 Fundi Sauti

Kijana, ukimaliza kuoanisha sauti, sikilizia kwenye spika ya simu, maana ndiko watakakoitazama. Besi haipo pale, kwa hiyo muziki wako wa kutisha wa ngoma nzito hautasikika kabisa. Weka muziki desibeli 15 hadi 20 chini ya maongezi. Kama lazima urudie sini ili usikie neno, shusha tena.

#21 Mla Karanga

Sasa nimebaki na swali moja, na mtanicheka. Tajiri wangu lazima aingie nyumbani. Hadithi inadai. Kama geti ni haramu, anaingiaje?

#22 Jicho la Lensi

Mkato. Yuko ofisini, yuko sebuleni.

#23 Mla Karanga

Mtu wa kibandani atauliza amefikaje.

#24 Fundi Sauti

Acha honi, kata geti. Mke yuko sebuleni na yule jamaa, wamekaa karibu kuliko inavyopasa. Honi inalia nje, sekunde 2, mara mbili. Usionyeshe gari. Baki kwenye uso wa mke. Sauti ya geti la chuma linasuguana na sakafu, hafifu, sekunde 4, jamaa anatafuta kiatu kimoja. Injini inazimwa. Kata: tajiri ameshakaa kwenye kochi, anaangalia soksi iliyobaki chini ya meza.

Geti umelipata lote, hujalipiga picha hata fremu moja, na mlinzi hujamlipa.

#25 Mla Karanga

Soksi ya rangi gani?